Risasi ya Tano

Kiseke, Mwanza
3 Februari 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kifua kimetulia. Sisi hatujambo. Evelina anakusalimu, anasema ule mhogo uliotutumia uliliwa ukaisha kabla ya siku ya tatu.

Sikupigi simu kwa sababu mambo ya ghala la silaha uliniambia mwenyewe hayasemwi kwenye simu. Nampa bahasha hii kondakta wa basi la Kigongo akukabidhi mkononi.

Alhamisi iliyopita, saa moja asubuhi, Koplo Gladness na Konstebo Ndalahwa walikuwa doria kwenye mwalo wa samaki. Wakawakuta majambazi watatu wamemvamia mnunuzi wa sangara. Ndalahwa alipiga risasi nne, ya tano ikakwama. Wakati anahangaika kuitoa, jambazi mmoja akampiga Gladness risasi begani. Amelazwa. Mkono wa kulia hausikii kitu.

Sasa kituoni wanasema Ndalahwa hakutunza silaha yake. Inspekta Chenge, ambaye ndiye atakayesikiliza shauri la nidhamu, amenipa mpaka tarehe 26 niandike kwa nini bastola iligoma. Nikiandika ni uchafu, kijana anafukuzwa kazi. Lakini nimeifungua, Mama, ni safi kuliko yangu. Nikajaribu nyingine kumi kwenye uwanja wa shabaha, nne zikakwama vilevile.

Wewe ulikaa kwenye ghala hilo miaka ishirini na sita kabla ya kunikabidhi funguo. Nianzie wapi?

Mwanao,
Yeremia


Kigongo
6 Februari 2025

Mwanangu Yeremia,

Marahaba. Mimi sijambo, kifua kinakuja na kuondoka. Huku foleni ya malori kwenye kivuko ni ileile, na vumbi lake tunalila sisi.

Nimesikitika sana kwa Gladness. Nilimfundisha mimi kulenga, alikuwa na jicho zuri.

Kuhusu bastola, usiwe na haraka. Kwanza osha mafuta yote ya zamani. Vijana wanapaka mengi, vumbi linashika, zinakuwa nzito. Pili, angalia risasi zenyewe. Zikikaa karibu na ziwa zinapata unyevu, baruti inapoteza nguvu. Tatu, kagua kile kikucha cha kutolea ganda, kikilika ganda linabaki ndani.

La mwisho, mwangalie mtu mwenyewe. Konstebo akishikwa na hofu mkono hulegea, na bastola iliyoshikwa na mkono legevu hukwama hata kama ni mpya. Ndalahwa nilimfundisha pia. Ni kijana mwema, ila mwepesi wa kushtuka. Liandike hilo kwa upole, lakini liandike.

Msalimie Evelina. Mwambie mhogo mwingine upo.

Mama yako,
Paskazia


Kiseke
12 Februari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tunamshukuru Mungu, tu wazima. Gladness amefanyiwa upasuaji wa pili na tunangoja.

Nimefuata maelekezo yako yote. Nimeosha mafuta na kupaka tone moja moja. Zikakwama. Nimeleta risasi mpya za boksi lililofungwa. Zikakwama. Vikucha nimevikagua kimoja kimoja kwa lenzi, ni vizima.

Nikaenda kwa mtu mwenyewe kama ulivyosema. Nilimpa Ndalahwa bastola yangu, nikasimama nyuma yake. Alipiga risasi hamsini. Hakuna iliyogoma. Nikamwambia apige kwa mkono mmoja, kisha ule wa kushoto. Hakuna iliyogoma. Alipomaliza akaniuliza, "Afande, sasa utaandika nini?"

Ndipo nikachukua rangi ya kucha ya Evelina, nikaweka namba kwenye kila bastola na kila magazini inayobeba risasi, nikaanza kuzibadilishana. Magazini namba 3 niliitia kwenye bastola tano tofauti, na zote tano zilikwama. Bastola ya Ndalahwa nikaitia magazini yangu, ikapiga mpaka nikachoka. Kasoro haimo kwenye bastola. Inahama na magazini. Springi ya ndani imelegea, haisukumi risasi juu kwa wakati, kwa hiyo risasi inabanwa nusu njia.

Sasa nina swali, nakuomba usilichukue vibaya. Siku yangu ya kwanza ghalani ulinifundisha kitu kimoja: bastola ikikwama, anza na magazini, mengine baadaye. Ulilirudia hilo mpaka nikaliota. Katika barua yako hukuitaja magazini hata mara moja. Kwa nini?

Mwanao,
Yeremia


Kiseke
20 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Naomba uwe mzima.

Siku nane zimepita. Kondakta ananihakikishia alikupa barua mkononi, ukaisoma umesimama palepale stendi, ukamwambia hakuna majibu.

Nimezifungua magazini zote. Thelathini na moja zina springi ambazo si za kiwandani. Waya ni mwembamba, ncha zimekatwa kwa tupa. Nimetazama daftari la matengenezo. Agosti 2021 umeandika kwa mkono wako: "Springi 31 zimebadilishwa, mpya, zimepimwa." Na sahihi yako.

Jana nilikwenda mjini kwa Mzee Mukesh, yule fundi wa pampu za maji. Nilimwekea springi moja mezani. Hakuhitaji miwani. Akasema, "Hii nimekunja mimi. Mama yako alikuja mwenyewe. Nikamwambia, Mama Yeremia, huu waya wa pampu, ukikaa umebanwa mwaka mzima utachoka. Akasema hautakaa mwaka, za kweli zinakuja." Kisha akaniuliza kama kuna mtu ameumia. Nilimwambia ndiyo. Akaiacha kazi iliyokuwa mbele yake.

Mama, mimi pia siko salama. Siku unanikabidhi ghala nilisaini kwamba nimepima kila kitu. Sikupima. Nilijiambia, ni vitu vya Mama, nipime nini? Nimelala na jambo hilo wiki nzima.

Shauri ni Jumatano ijayo. Ripoti yangu nitaiandika kama ilivyo. Nataka tu jambo hili nilisikie kwako kabla ya kuliandika kwa maneno ya Mukesh.

Yeremia


Kigongo
23 Februari 2025

Mwanangu,

Hujambo. Mimi mwili ni mzima.

Barua hii nimeianza mara tatu. Ya kwanza nilikuomba uandike kwamba springi zimechoka kwa umri tu, bila kutaja nani alizitia. Nimeichoma jikoni. Nakuambia ili ujue kwamba niliiandika.

Mwaka ule magazini zilikuwa zimechoka. Niliomba springi mara tatu kwa maandishi. Sikujibiwa. Ukaguzi ulikuwa unakuja, na kama ningesema hazifai, vijana wangetoka doria na virungu vitupu wakati mwalo ule umejaa majambazi wenye bunduki. Nikaenda kwa Mukesh. Nilizipima kweli, zikapiga vizuri. Nikajiambia ni miezi sita. Miezi sita ikawa mwaka, ukaguzi ukapita, nikasifiwa mbele ya gwaride kwa ghala safi. Baada ya kusifiwa nikashindwa kusema. Siku ya kukukabidhi nilidhamiria kukuambia. Ulikuja na shati limepigwa pasi mpaka mikono, unasaini kila ukurasa bila kusoma, na nikaona raha kwamba husomi.

Jana nilikuwa Mwanza, sikupita kwako. Nilikwenda hospitali. Gladness alifurahi kuniona, akataka kuinuka nikamzuia. Nilikuwa nimepanga maneno. Kabla sijayasema akanishika kwa ule mkono mzima akasema, "Mama, wanasema Ndalahwa alitetemeka. Hakutetemeka. Nilikuwa nimelala chini namtazama. Alivuta kifyatulio, akagonga magazini, akavuta tena, kama ulivyotufundisha. Wewe wanakusikiliza, nenda uwaambie."

Nikamwambia nitawaambia. Yale mengine nikashindwa, nikatoka.

Jumatano nitakuja. Usinipokee stendi. Nitaingia kama shahidi na nitatoka kama shahidi.

Mama yako,
Paskazia


Kiseke
4 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama. Ulitoka kwa Inspekta Chenge ukapita mbele yangu kama hunijui. Nilikufuata mpaka getini, bodaboda ikawa imeshakuchukua.

Matokeo yametoka jana. Ndalahwa ameondolewa mashtaka yote na amerudishwa kazini. Magazini thelathini na moja zimefungiwa, na springi za kiwandani zimeagizwa kwa haraka ambayo sijawahi kuiona. Jalada jipya limefunguliwa, lina majina mawili, lako na langu. Mimi nimetolewa ghalani, nasimama lindo la geti kuu mpaka wamalize. Sina kinyongo na hilo. Nilisaini.

Gladness ameambiwa habari za springi. Daktari anasema vidole viwili vitarudi, labda vitatu. Hajasema neno juu yako.

Kuna jambo ambalo sikulisema mbele ya watu. Springi nimezielewa, Mama. Hata mimi ningeweza kuifanya ile safari ya kwa Mukesh. Hata kunyamaza naweza kukuelewa. Lakini tarehe 6 Februari, Gladness yuko kitandani, ulikaa chini ukaandika kwamba mkono wa Ndalahwa ni legevu, ukaniambia niliandike kwa upole. Ulijua tayari. Na mimi nusura niliandike, kwa sababu lilitoka kwako. Hilo ndilo nisiloweza kulielewa. Barua ile bado ninayo, na sijui niifanyie nini.

Evelina anakusalimu. Anasema nije Kigongo. Bado siwezi.

Yeremia


Kigongo
11 Machi 2025

Yeremia,

Marahaba. Mvua imeanza huku na kifua kimeanza nayo, lakini ninalala.

Sentensi ile niliiandika nikijua. Sina maelezo mengine. Nilikuwa natafuta mahali pa kuweka kosa, nikaona kijana asiye na mtu wa kumsemea.

Nilimtumia Ndalahwa ujumbe aje, kama ana nafasi. Alikuja Jumapili akiwa na nguo za kiraia. Nilimwambia nilichokuandikia juu ya mkono wake, neno kwa neno. Halafu akauliza, "Ulipoandika hivyo, Afande, ulikuwa unanikumbuka mimi ni yupi?"

Nikamwambia, "Nilikukumbuka. Ulikuwa wa kwanza darasani mwako."

Akasema, "Afadhali ungekuwa umenisahau." Chai nilikuwa nimemmiminia. Hakuinywa. Aliaga kwa heshima, akaenda kupanda gari la Mwanza.

Barua ile mpe Inspekta Chenge. Ni ya kwenye jalada, siyo ya kwenye kabati lako.

Jumatatu ninaitwa kutoa maelezo. Nimeyaandika mapema ili nisije nikayapunguza nikiwa mbele yao, karatasi nne. Nimetaja barua zangu tatu zisizojibiwa, nimemtaja Mukesh na onyo lake, nimetaja gwaride. Ukurasa wa tatu nimekutaja wewe: kwamba ulisaini umepima, na hukupima, na mimi nilikuona na nikakuacha. Mstari huo niliusoma mara nyingi. Jana nilichukua kalamu ili niufute, kwa kuwa wewe ni mwanangu, na una mke na kazi moja tu.

Nimeuacha kama ulivyo.

Mama yako,
Paskazia