Sera ya Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa kitengo chetu cha kompyuta hataki maneno mengi. Mafaili ya wagonjwa yameibwa, na skana yetu — programu inayokagua mianya ya usalama kwenye kompyuta zote za hospitali — haikusema kitu. Anataka mipangilio ya sera zote za skana, yaani kanuni zinazoiambia ikague nini, arobaini na moja, kabla ya kikao cha Ijumaa. Kila mtu anamnyooshea kidole Babu Seva, kama tunavyomwita. Yeye ndiye mtunza seva, zile kompyuta kuu zenye mafaili, yeye ndiye mzee, basi. Wanasema Ijumaa haitaisha kabla hajafukuzwa. Siamini kama ni yeye. Ndiye aliyenifundisha kazi hii.

Jumatano, 5 Machi

Kufungua sera moja moja kwenye skrini ni kuchota maji kwa kijiko. Nimeandika skripti, programu fupi ya kunifanyia kazi hiyo. Amri moja tu, nayo inaiuliza skana: kila sera, mipangilio yake, nani kaibadili, lini. Mara ya kwanza imeleta faili tupu. Nilisahau kuweka ufunguo wa kuingilia — mjinga mimi! Babu Seva alikuwa anapita. Akasema fundi wa kufuli kajifungia nje. Akacheka; wiki nzima nilikuwa sijamwona akicheka.

Alhamisi, 6 Machi

Imeleta.

Sera ya kumi na saba: seva ya mafaili ya wagonjwa imeondolewa kwenye ukaguzi. Miaka miwili sasa. Jina la aliyeiondoa ni langu.

Nakumbuka. Ukaguzi ulikuwa unaigandisha ile seva, nesi wa zamu akapiga simu kulalamika kwamba majibu ya maabara hayafunguki. Nikaitoa, niirudishe jioni. Sikuirudisha.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Naogopa, na aibu imezidi hofu. Sijamwambia mtu, hata mume wangu.

Ijumaa, 7 Machi

Kikao saa nne. Safu ya majina inaondoka kwenye ripoti kwa kufuta neno moja tu la skripti. Nimelifuta. Nimelirudisha. Nimelifuta tena, nikachapisha. Kurasa mbili, safi. Hazimtaji mtu — na wa kulaumiwa wanaye tayari.

Babu Seva kaja mezani kwangu, shati kalipiga pasi. Kasikia nilivyohangaika kwa ajili yake.

"Hata kama hukupata kitu, mwanangu, ahsante. Twende, ukae karibu yangu."

Nimemwambia atangulie, kuna kitu namalizia. Hajatangulia. Amesimama pale, ananishikia mlango, nami naandika haya nikijifanya ni kazi.