Kampuni Iliyoitwa Bihogo

Kashojwa, Nakivale,
22 Juni 2014

Mpendwa mdogo wangu Rugamba,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Wewe u mzima? Mgongo wa Anne umepona? Watoto je, bado wanasikia lugha yetu, ao wamebaki na Kifaransa tu? Huku tunapumua, Mungu asifiwe. Mahindi yamekauka kabla ya kukomaa, na malaria ilinilaza wiki mbili, lakini nimeinuka.

Kwenye simu ulisikia tu kwamba Mama ametutoka na tumemzika. Mengine sikuweza kuyasema, fasi yote ilijaa watu, kila mmoja ananitazama mdomo. Sasa niko peke yangu. Soma ukiwa umekaa.

Unakumbuka mwaka 2008? Ulipiga simu na furaha mingi, ukasema wakubwa wa Ulaya wamependekeza sheria mpya: mtu aandikishe kampuni mara moja tu, ifanye kazi katika nchi zote. Wewe Ubelgiji na Muhirwa, mtoto wa baba mdogo, Ujerumani, mngekuwa na kampuni moja ya kuuza unga wa mihogo na sombe, yale majani yake, halafu ungemleta Mama. Nilimwambia Mama bado wanaijadili. Akanikata: imeahidiwa ao haikuahidiwa?

Kwetu unajua. Mtu akikuahidi ndama, unamshukuru siku ileile na kumpa ndama jina, hata kama bado yuko tumboni. Basi Mama akaita majirani, akatafutisha maziwa mpaka Kabingo, akaishukuru hiyo sheria sawa ng'ombe aliyekwisha kufika uani. Kampuni akaiita Bihogo, jina la yule ng'ombe wetu mwekundu aliyebaki Minembwe tulipokimbia. Mimi nilicheka. Na maziwa nilikunywa.

Ndiyo maana 2012, faili letu la wakimbizi kuhamia Amerika lilipoitwa, alikataa kwenda. Dada yetu Kantengwa alimpigia magoti. Wapi! Mama akasema hawezi kumkimbia Bihogo akiwa karibu kuzaa. Kantengwa akaenda na watoto wake. Mimi nikabaki, kwani nani angemwacha mama yake hivyo?

Nawe kila mwaka ulisema bado kidogo, nchi hazijapatana. Si ungefungua hata kiduka kimoja hapo Liège kwa sheria zilizopo! Lakini hapana, mlitaka ile ya Ulaya nzima. Nina hasira nawe, sitaficha.

Mwezi wa tano, Mama akiwa amelazwa Mbarara, ukanitumia ujumbe kwamba pendekezo wameliondoa, sheria haitakuwepo. Nilikuwa nimetoka kumtafutia uji Nyamityobora. Niliusoma mlangoni mwa wodi. Mama akaona simu mkononi mwangu.

"Rugamba anasema nini?"

Nikasema, "Bihogo amezaa."

"Dume ao jike?"

"Jike, Mama."

Akacheka, Rugamba! Akaniomba nimfunge kitambaa vizuri kichwani, wageni wa pongezi wasije wakamkuta vile. Siku ya tatu akaenda, akiwa amewatangazia wote waliokuja kumwona.

Kwenye mazishi pasta alimshukuru Mungu kwa kampuni yako mbele ya watu wote. Walinishika mkono wa pole, halafu wakanishika tena wa hongera. Nililia mpaka sauti ikakatika, na hakuna aliyejua nalilia nini. Kijiji kizima ni mimi tu ninayejua kwamba tumboni hamkuwa na kitu.

Kantengwa anasema kitanda alichomtandikia Mama huko Amerika hajakitandua, huu mwaka wa pili. Naye usimwambie ukweli huu.

Kila nikienda kuchota maji wananiuliza Bihogo anaendeleaje. Nawajibu anakamuliwa. Wakikupigia simu, na wewe sema vilevile.

Umsalimie sana Anne, uwakumbatie watoto, na Muhirwa umwambie simlaumu. Mzee Rwakabuba jirani yetu anakusalimu, na Nyirabahire wa kwaya pia. Mungu akufunike, akupe usingizi ambao mimi sina.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda pamoja na hasira yangu yote,

Kampire