Ukuta Ulioniomba

Mama,

Ule ukuta ulioniomba nimeujenga. Nilimaliza juzi, miezi minane tangu tukuzike hapo nje, na fundi aliponiuliza mbona macho yangu ni mekundu, nilisingizia saruji.

Unakumbuka nilivyorudi Sironga kutoka Nairobi na karatasi zangu za usanifu? Kijana wa Uhuru, maneno mengi. Nikakuchorea nyumba ya kisasa: paa bapa, bila pambo hata moja, dirisha moja refu kutoka kona hadi kona, na ndani chumba kimoja kipana kisichogawanywa, ili nuru na hewa zipite. Jiko lako la nyasi nikalibomoa kwa sababu liliharibu sura ya nyumba. Ulizunguka humo ndani, kisha ukaniuliza kwa upole, "Tata, mkwe akija nitakaa wapi?" Uliniita tata kwa kuwa nina jina la baba yako. Nikacheka. Nikasema dunia imebadilika.

Paa lilivuja mvua ya kwanza. Hilo ulinisamehe, ulipanga sufuria sakafuni, ukasema angalau leo hatuendi kisimani.

Lakini siku ile mume wa dada Kemunto alipofika bila taarifa, sijui kama ulinisamehe. Ulikuwa umeketi chini ukichambua wimbi, miguu umeinyoosha. Kwetu mama mkwe na mkwe hawaonani hivyo. Chinsoni, ile heshima yetu, haina mzaha. Ukuta hakuna, mlango wa nyuma hakuna, jiko hakuna. Ulijifunika leso usoni, ukampita ubavuni, ukaenda kusimama migombani mvua ikikunyeshea. Na dirisha langu refu, Mama, likakuonyesha mzima mzima. Mkwe aliinamisha kichwa. Mimi niliendelea kumweleza habari za nuru. Nilikuonea aibu wewe. Mungu anisamehe, nilikuonea aibu wewe!

Sikutoka kukufuata. Ulirudi mwenyewe alipoondoka, umelowa chepechepe, ukauliza kama mgeni alipata chai.

Chuoni mwalimu alitufundisha kwamba kabla ya kuchora, uliza kwanza nyumba itafanya kazi gani. Niliyaandika hayo daftarini, nikayapigia mstari mwekundu. Wewe sikukuuliza. Uliniambia mwenyewe, na bado sikusikia.

Sasa paa lina mabati na mteremko, ukuta umekigawa chumba, na nyuma kuna mlango. Jiko limerudi palepale, na aliyekata nguzo na kuliezeka ni mkwe wako, bila kutumwa na mtu. Alipomaliza hakuingia ndani kwako. Chai yake aliinywea nje, amesimama. Nilishindwa kumtazama.

Kwaheri, Mama. Sitamchorea mtu nyumba tena kabla ya kumwuliza mama wa nyumba hiyo yeye atakaa wapi mkwe akija. Huku mvua imeanza sasa hivi. Mlango wa nyuma nimeuacha wazi.

Mwanao,
Makori