Majina Yabaki, Makundi Yafutwe

Mjukuu wangu Vukan,

Nani alikupa ruhusa? Lakini salamu kwanza, nisionekane sikufunzwa adabu. Mimi mzima, goti ndilo linaloniudhi, na plamu mwaka huu zimezaa hadi matawi yanavunjika. Wewe hujambo? Mkeo je? Haya, sasa nijibu.

Jana jirani Jagoda, yule nesi mstaafu, kaja kunywa kahawa. Kasema Chama cha Wachangiaji Damu kimetengeneza ubao wa sherehe ya miaka sitini, utazinduliwa Jumamosi: majina yote ya zamani, na kundi la damu la kila mtu. "Ringa, Grozda! Mjukuu wako ndiye kawapa daftari zima la kituo cha damu anakofanya kazi." Kahawa ikanimwagikia mapajani.

Ulimwuliza nani, wewe? Babu yako Tihomir yuko kaburini, hakukutilia sahihi. Mimi niko hai, simu ninayo, hukunipigia. Ukikabidhiwa habari za watu kazini, hujapewa gunia la viazi uwagawie majirani.

Usidhani naogopa kusomwa. Enzi zetu majina ya waliotoa damu yalibandikwa kwenye lango la kiwanda cha nguo, nami nilipita pale shingo juu. Gari la damu likifika, cherehani zote zilinyamaza. Tulipanga foleni, mikono ya nguo imekunjwa, tukitaniana. Babu yako aliwaita wanaume waliojificha chooni, "Tokeni, mabwana, sindano haina meno!" Halafu mkate na soseji, rakija kidogo, ile pombe kali ya plamu, na siku ya mapumziko. Yeye ya kwake aliimalizia bustanini na jembe, mjinga yule, akarudi mweupe kama jibini. Nampenda hadi leo. Lakini kundi la damu lilikaa ndani ya kijitabu cha mchangiaji, na kijitabu mfukoni. Langoni lilikuwa jina tu.

Sasa kaa chini. Babu yako alikuwa AB. Baba yako Miodrag ni O, naye alitoa damu kiwandani hapo hapo, kwa hiyo yumo ubaoni. Mtu wa AB hazai mtoto wa O. Jagoda analijua hilo, na mdomo wake unaujua.

Usinifikirie vibaya, sikutoka nje ya ndoa. Baba yako alizaliwa na Stamena, tuliyeshona naye meza moja. Hakuwa na mume wala ndugu. Alipojifungua damu haikukatika. Tulikimbia hospitali nusu ya kiwanda, tukatoa zetu, hazikutosha. Kabla hajakata roho aliniomba mtoto asipelekwe kwenye nyumba ya yatima. Tihomir alimleta nyumbani ndani ya koti lake. Babu yako alitaka kumwambia baba yako ukweli alipokua, mimi ndiye niliyekataa, miaka hamsini na mbili. Niliogopa siku moja ataniita Grozda badala ya mama.

Msalimie mkeo, mwambie jamu yake iko tayari. Wewe kesho asubuhi, kabla ya kazi, nenda chamani. Makundi yote yafutwe, ya watu wote, si ya kwetu tu. Majina yabaki. La Stamena lipo, lisiguswe na mtu. Kisha Ijumaa niletee baba yako, peke yake, na usimwambie neno njiani. Hilo ni langu, nitamwambia kwa kinywa changu.

Bibi yako,
Grozda