Pasi ya Bwana Nukta

Nyumba za Watumishi,
Nyumba Na. 6.
Jumatano, 14 Agosti

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linasemaje? Natumaini lile zoezi la kupanda na kushuka ngazi unalifanya kweli, si kumwambia tu mkaza mjomba kwamba umelifanya. Sisi huku tu wazima. Mama naye mzima, ila ana manung'uniko: mara mbili amekuuliza kama utakuja Desemba, na mara mbili umejibu mengine yote ukaliruka hilo. Anasema aliyenyamaza amekataa. Nitalirudia mwishoni.

Kazini bado niko masjala, meza ya pembeni, chini ya dirisha lisilofungika. Muda wangu wa matazamio unakwisha mwezi huu, na anayejaza fomu ya kunithibitisha au kunirudisha nyumbani ni mkuu wetu. Tunamwita Bwana Nukta, kwa sababu pale unapomtarajia aseme jambo ndipo anapokomea. Huleta jalada, huliweka mezani kwangu, husimama, hunitazama. Mimi haraka haraka naandika "Nimeliona," nagonga mhuri wa tarehe na kumrudishia kwa mikono miwili. Hulichukua akaenda zake. Miezi mitano hivyo hivyo! Tarishi wetu, ambaye hana breki mdomoni, huniambia, "Kimya kingi kina mshindo mkubwa, mdogo wangu. Anza kufunga mizigo."

Sasa sikia balaa. Mwezi uliopita mwenza wa Bwana Nukta katika briji, ule mchezo wa karata wa wawili kwa wawili, alistaafu, na sijui nani alimnong'oneza kwamba ulinifundisha mchezo. Akaja mezani kwangu na kusema, "Jumamosi, saa tisa." Nukta. Nilikaribia kusingizia jino.

Siku ya kwanza ya mazoezi niliharibu. Naeleza polepole kwa kuwa najua utamsomea mkaza mjomba, naye hachezi. Tulikuwa tumenadi nne za shupaza, yaani tumeahidi kula mikono kumi kati ya kumi na mitatu, na kila mtu aliona karata nzuri ziko kwetu. Wapinzani wakapanda tano za kopa, si kwamba waliziweza, bali kutuzibia njia. Bwana Nukta akasema, "Pasi," yaani haongezi kitu. Nikajua mkubwa ameamua yaishe, mimi nani nimpinge? Nikapasi pia. Wakaanguka kweli, ahadi yao haikutimia, lakini bila dabo, lile tamko la kuzidisha adhabu maradufu, na adhabu isiyo na dabo ni kofi la mtoto mchanga. Bwana Nukta akapanga karata zake.

Nikiwa njiani kurudi ndipo nilipokumbuka ile meza ya jikoni, wewe ukimpiga Mama teke chini yake, naye akilalamika, "Mguu wangu si kengele!" Ulikuwa ukimwambia kwamba nguvu zikiwa kwenu, pasi ya mwenzako si kukata tamaa. Anakuuliza: tuwaadhibu au tupande? Na swali hilo halina ruhusa ya kuachwa bila jibu. Nilisimama pale pale kando ya barabara nikaona aibu peke yangu.

Jumamosi iliyopita tukacheza fainali ya mashindano ya briji ya mji, dhidi ya mfamasia na mkewe, ambao kikombe kimekaa kwao miaka mitatu mpaka wanakitilia vijiko. Ukumbi una feni moja inayopeperusha karatasi za alama, kwa hiyo tunazikandamiza kwa stepla. Mimi nikawa najipepea kwa karata zangu bila kujijua. Mke wa mfamasia akaniambia, "Mwanangu, feni moja inatosha." Mumewe akacheka mpaka akakohoa, naye akamgeukia, "Na wewe kohoa vizuri, wasije wakadhani unanipa ishara."

Mgawo wa mwisho, Mjomba, ukaja ule ule. Bwana Nukta akafungua kwa shupaza moja, nikaonyesha nguvu zangu, tukafika nne. Mke wa mfamasia, kushotoni kwangu, akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, "Tano za kopa." Bwana Nukta akatazama karata zake. "Pasi." Mfamasia akapasi. Ukumbi mzima ukanigeukia, au niliona hivyo.

Nikihesabu sasa, sielewi niliogopa nini. Nilikuwa na kopa mbili ndogo zisizofaa kitu, ree ya uru, na mfalme wa pao mwenye ree yake. Kupanda tano za shupaza kungetuangusha. Kupasi kungewaachia kikombe. Nikafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mwingine kabisa: "Dabo."

"Heh!" alisema mke wa mfamasia. "Kumbe mtoto ana meno."

Walianguka kwa mikono mitatu. Kikombe sasa kiko juu ya kabati la majalada, na tarishi ameshakitilia kalamu. Bwana Nukta alinipa mkono, akasema, "Sawa." Nukta.

Lakini habari yenyewe ni ya Jumatatu. Alileta jalada la mtu anayeomba kubadilishiwa jina la mwenye nyumba. Akaliweka, akasimama, akanitazama. Kalamu yangu ilishaandika "Ni" ya "Nimeliona" nilipohisi kama nimepigwa teke chini ya meza. Nikasema, "Mkuu, mimi ningelirudisha. Sahihi ya pili haifanani na ile ya ombi la kwanza."

Akavuta kiti, akakaa. Hajawahi kukaa pale. "Niliiona," akasema. "Miezi mitano nakuuliza, mwanangu, na wewe unanipasia tu."

Jana aliniita nitie sahihi fomu. Yote ilikuwa imejazwa zamani, kwa wino uliokwisha kukauka, isipokuwa mstari mmoja: "Je, mtumishi anaweza kutoa uamuzi?" Hapo wino ulikuwa mbichi. Ameandika "Ndiyo" na nukta.

Haya, Mjomba, nirudi kwa lile la Desemba. Mama anasema umekataa. Mimi nasema unajua fika nguvu ziko kwetu, na kupasi kwako mara mbili ni kutuachia tuamue. Basi tumeamua. Kitanda cha chumba cha chini kimeshatandikwa, hakuna ngazi hata moja, na Mama anatafuta mtu wa kumlipizia yale mateke.

Nisalimie mkaza mjomba na wale mapacha watundu. Dada anakusalimu, na mumewe pia. Mungu akupe afya, na goti likubebe mpaka mlangoni kwetu.

Mpwa wako akupendaye,
yule uliyempa jina la Kobe. Nimetoa kichwa.