Nilibebwa Mgongoni, Nikatangaza Kuwa Nilibeba

Mpendwa mshauri, Bi. Esteri,

Shikamoo. Msaada wako nauhitaji upesi maana siku zimebaki chache, na jina langu naomba usilitoe gazetini, niite Mwalimu L. tu, ingawa wa hapa Kasulu watanijua hata hivyo. Waswahili wanasema mficha uchi hazai, basi nami sitaficha.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Muha wa hapa hapa, nina mke na watoto wawili, na mwaka jana nilitunga mchezo wa kuigiza uitwao Mgongo wa Kuruta, unaohusu vijana wanaokwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, jinsi wanavyonyolewa, wanavyokimbizwa mchakamchaka kabla ya uji, wanavyolia kwa kujificha na mwisho wanavyokuwa ndugu, na kisa chenyewe ni cha kuruta mmoja anayembeba mgongoni mwenzake aliyezidiwa na homa katika matembezi marefu, anambeba kutoka mtoni mpaka kambini, njiani anateguka goti lakini hamtui. Kisa hicho ni cha kweli, kilitokea mwaka 1970 nilipotoka chuo cha ualimu, nami nilikuwepo, ila mimi ndiye niliyebebwa.

Aliyenibeba anaitwa Tharsisi, mtu wa Kitahana, wilaya ya Kibondo, aliyejiunga kwa kujitolea baada ya darasa la saba. Nilimtapikia mgongoni, Bi. Esteri, nikajikojolea pia, na yeye alikuwa ananiambia kwa Kiha nisilale, nimhesabie hatua zake, nikikosea ananitukana ili nikasirike nisife. Goti lake halikupona sawasawa, akarudishwa kwao, na sasa analima mihogo na maharage huku akichechemea. Mimi nikapona, nikamaliza muda wangu, nikapangiwa shule. Sijaenda kumwona hata siku moja kwa miaka mitano hii, naona haya, kila mwaka nasema mwakani.

Sasa sikia uongo ulivyoanza, na naapa sikuupanga. Tulipoonyesha mchezo mara ya kwanza walikuja watu kumi na tisa pamoja na Katibu Kata, na mwalimu mwenzangu Hilali, mtu wa Tanga, hodari wa ngoma na matangazo, akaniuliza, "Kisa hiki kimekutokea wewe?" nikajibu ndiyo, akaruka juu, "Kumbe! Ndugu yangu, umembeba mtu mzima mgongoni halafu unakaa kimya? Hilo ndilo la kutangaza!" nami badala ya kusema ngoja kwanza, nikacheka. Kesho yake nikakuta karatasi za manila zimebandikwa sokoni Kasulu kwa rangi nyekundu: NJOONI MUMWONE MTUNZI ALIYEMBEBA MWENZAKE. Basi watu wakafurika. Na kwa kuwa yule kuruta namcheza mimi mwenyewe, nikitokea na kombati nimembeba mwalimu Bazilio, ambaye Mungu alimnyima nyama, wanawake wanapiga vigelegele, wazee wanasimama, nikavikwa kilemba cha ukoka nami nikakivaa.

Lakini lililonimaliza ni la kijiji cha Heru Juu. Huku kwetu mgonjwa hubebwa kwenye ingobyi, ile machela yetu, majirani wakipokezana mpaka hospitali, na akipona hana budi atengeneze pombe ya ndizi, awaite waliombeba, asimame mbele za watu awataje mmoja mmoja kwa jina. Asiyefanya hivyo, siku akiugua tena, majirani wote wanakuwa na kazi nyingi shambani. Baada ya mchezo pale Heru Juu mzee mmoja alinishika mkono akaniuliza watu wakisikia, "Na huyo uliyembeba, amekuletea pombe yako?" Nikasikia mdomo wangu unasema, "Bado, mzee. Labda amesahau." Watu wakafyonya. Mzee akasema huyo si mtu, ni heri ungemwacha huko mtoni. Nami nikaitikia kwa kichwa.

Maneno hayo yakafika nyumbani. Mke wangu Philomena anasema twende tukamtafute huyo mtu asiye na shukrani tumpe maneno yake, nikamdanganya kwamba alihamia Mpanda.

Na juzi maji yamenifika shingoni. Amekuja mfanyabiashara wa maharage kutoka Kibondo na salamu za Tharsisi. Tharsisi amesikia kuwa kuna mchezo unaitwa Mgongo wa Kuruta na kwamba nimeutunga mimi, basi amejua ni kisa chake, anasema, "Mwambieni mwalimu asante, kumbe hakunisahau." Anasema kijijini kwao hawajawahi kumsadiki, wanadai goti aliliumiza kwa ulevi, hata watoto wake wadogo wanataniwa njiani, lakini sasa atawaleta wote, mke, watoto na wale majirani wanaomcheka, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tutakapoonyesha katika ukumbi wa TANU pale Kibondo, wakae mstari wa mbele waone baba yao alivyombeba mwalimu. Na matangazo ya Kibondo Hilali alishayabandika wiki iliyopita kwa maneno yale yale. Tharsisi yuko Kitahana, bado hajayaona.

Nimefikiri siku hiyo niugue. Nimefikiri kumwandikia kwamba mchezo umeahirishwa. Nimefikiri nimvute pembeni baada ya mchezo nimweleze taratibu, maana mtunzi ana ruhusa ya kubadilisha mambo, au siyo? Niambie, Bi. Esteri, nifanyeje nisiaibike mbele ya wanafunzi wangu na wakwe zangu, na mchezo wenyewe usife?

Ni mimi,
Mwalimu L., Kasulu

JIBU

Mwalimu L.,

Marahaba. Pole kwa homa ya mwaka 1970, na pole nyingine usiitegemee leo.

Ndiyo, mtunzi ana ruhusa. Ungempa kuruta wako jina lolote, ungemfanya mrefu au mfupi, ungempa hata mchumba, nisingekuwa na neno. Lakini karatasi ya manila iliyobandikwa sokoni si mchezo wa kuigiza, ni tangazo. Na siku uliyomwambia yule mzee "amesahau", hukuwa jukwaani. Ulikuwa umesimama chini, na akili zako timamu, unamtukana mtu aliyekuokoa.

Naelewa kwa nini ulicheka Hilali alipokuuliza. Mwanamume kusema "nilijikojolea mgongoni mwa mwenzangu" si jambo jepesi, na mdogo wangu aliyepita jeshini aliniambia kuwa kule mgonjwa anaonekana mvivu. Kwa hilo sikulaumu. Nakulaumu kwa miaka mitano ya "mwakani". Ungekwenda Kitahana mara moja tu, uongo huu usingepata pa kuanzia.

Unauliza usiaibike vipi. Hilo limepita, mwalimu. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imefika Kibondo. Aibu ipo na Jumamosi itamwangukia mtu. Kama si wewe, ni watoto wa Tharsisi, mstari wa mbele, majirani wakicheka nyuma yao. Sasa chagua, na usichukue muda.

Kuugua uache. Barua ya kuahirisha iache. Na hilo la kumvuta mtu pembeni baada ya kumvua nguo hadharani, shika adabu yako, usilitaje tena.

Gazeti hili, kwa treni na kwa lori, litakufikia Jumatatu au Jumanne. Siku hiyo hiyo mwambie Philomena yote, hata la mkojo, na umwambie kwamba wa kupewa maneno yake ni wewe. Kisha mwambie Hilali, kwa sababu naye ulimdanganya, na yeye ndiye mwenye rangi. Aandike upya: NJOONI MUMWONE THARSISI WA KITAHANA ALIYEMBEBA MTUNZI. Mchezo hautakufa. Watu wanapenda kumwona mtu mwenyewe, watajaa mpaka madirishani.

Jumatano upande lori la Kibondo na hiyo pombe ya ndizi, na mke wako akikubali kwenda nawe, mshukuru. Hilali apite Kibondo abandue karatasi za zamani, abandike mpya, wewe nyoosha Kitahana. Usiniambie ndizi hazijaiva. Mimi ni mtu wa Dodoma, mambo ya ndizi siyajui, lakini sijasikia wiki ambayo Kasulu nzima imekosa pombe. Kama huna, tafuta kwa jirani. Mweleze Tharsisi nyumbani kwake, mbele ya wanawe, kabla ya tangazo kumweleza. Mweleze na la Heru Juu, kwani litamfikia tu. Na mchezo ukiisha urudi kwa yule mzee ukamwambie ni nani aliyesahau nani.

Ukumbini Hilali amcheze kuruta. Mgonjwa umcheze wewe. Siku mbili za mazoezi zinatosha, kulala mgongoni mwa mtu hakuhitaji kipaji.

Huenda Tharsisi akakataa kuionja pombe yako. Ana haki. Usimbembeleze, usimlilie wanawe wakikutazama, na usirudi Kasulu umesusa. Iache pale mlangoni. Jumamosi simama kabla pazia halijafunguliwa, uwatazame wale majirani, umtaje mtu huyo kwa jina lake na la baba yake, useme goti lake liliumia kwa ajili yako. Useme akiwepo, na useme asipokuwepo.