Dada Koku, Tungemwita Hamisa Jumapili Ile

Mwaka umetimia, Dada Kokushubila, tangu ututoke ghafla asubuhi ile, chai yako ikiwa bado mezani. Nyumba ya Chang'ombe imekuwa kimya mno. Tunakuandikia hapa gazetini kwa sababu hatujui pengine pa kukuandikia.

Ulikuwa mwalimu wa muziki chuoni, lakini hata nyumbani hukuacha kufundisha. Ulituamsha kwa kupiga kijiko kwenye sufuria, na muuza maziwa ulimsahihisha namna ya kuita wateja. Mimi Benedicta, mdogo wako ninayeandika haya kwa niaba ya wote, uliniweka sauti ya tano kwenye kwaya yako. Nilipouliza sauti ya tano ni ipi, ukasema ni ya wanaosikiliza. Natamani unitanie tena, hata mara moja.

Wanafunzi wako bado wanalizungumzia lile tamasha la amani. Ulitaka kwaya ya chuo na akina mama wa kaswida wa Buguruni waimbe jukwaa moja, wimbo mmoja, bila yeyote kulazimishwa kutamka asichokiamini. Mazoezi uliyapanga baada ya Alasiri, yaishe kabla ya Magharibi, ili mtu asikose swala. Watu walijua unatafuta amani ya mji. Sisi nyumbani tulijua unatafuta na yetu.

Hamisa, mke wa kaka yetu Gaspar, ni binti wa Buguruni. Walifunga ndoa ya bomani kwa kuwa Mama hakutaka kusikia habari ya mkwe Mwislamu, na tangu hapo Hamisa hakukanyaga kwetu. Wewe ulisema hutapumzika mpaka umwone ameketi sebuleni kwa Mama, anakunywa chai kama mtu wa nyumbani.

Siku ya tamasha ukamkalisha Mama mbele, ukamwambia kiti cha pembeni ni cha mgeni wako. Mgeni akawa Hamisa. Mama akaweka mkoba wake katikati yao. Huko jukwaani nako kukawa na kioja: wanakwaya wanasema wageni watangulie, akina mama wanasema haiwezekani, wenyeji kwanza. Wakabaki kukaribishana, ukumbi mzima unasubiri, mpaka ukatoka wewe, ukaanza kupiga makofi na kuimba peke yako. Dufu zikakupokea, kisha kwaya.

"Hapo wanasemaje?" Mama akauliza, bila kugeuza shingo.

"Wanasema jirani akiamka salama, na mie nimeamka salama, mama," Hamisa akajibu.

Mama akauondoa mkoba, wakasikiliza pamoja mpaka mwisho.

Tuliporudi nyumbani Mama alisema, "Yule binti ana adabu. Aje."

Ukadakia hapo hapo: "Jumapili hii, Ma?"

"Hebu tulia, Koku. Mkwe hapokelewi kienyeji. Sebule ipakwe rangi kwanza."

Ukacheka, ukaenda kununua rangi mwenyewe. Baada ya rangi yakaja mambo ya mapazia. Baada ya mapazia tukasubiri ndizi nzuri na senene kutoka Bukoba. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, Dada. Tulitaka kumpokea kwa heshima, basi.

Hamisa aliingia kwetu mara ya kwanza siku ya msiba wako. Alipita mlango wa jikoni, akajifunga kanga, akaanza kuosha masufuria bila kuambiwa na mtu. Mama alipomkuta pale, wakashikana wakalia. Sebule ilikuwa imejaa waombolezaji, na nani aliyekuwa na habari na mapazia! Inatuuma sana. Tungemwita Jumapili ile ile, hata kwa chai na maandazi tu, nawe ungemwona.

Sasa huja kila wiki. Mama humsifia mapishi yake, halafu hulitaja jina lako. Hapo Gaspar hutoka nje, akisingizia simu.

Misa ya kukuombea itakuwa Jumapili hii parokiani kwetu, kisha wote tutakula nyumbani. Akina mama wa Buguruni wamesema watakuja na dufu zao, na Mama amesema waimbe ule wimbo wako mpaka wachoke.

Nilipofika kwenye majina niliandika, "wifi yako Hamisa." Mama, aliyekuwa amekaa kando yangu, akanisimamisha.

"Futa hapo. Huyu kamlilia Koku kama tulivyomlilia sie. Mwandike mnapoandikwa wanangu."

Unakumbukwa na mama yako Anjelina, kaka yako Gaspar, na wadogo zako, Benedicta na Hamisa.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu.